Gari ya Baba Julie Inakuja Ziwani

Tangu nirudi, kila mutu anayepita kwenye meza yangu ya samaki ananiuliza neno moja: Mama Julie, ulituaga siku nne, ukakaa kumi na moja, kulikuwa nini? Nimejibu vipande vipande huku napima chisense, wale samaki wetu wadogo, kila mutu ameondoka na kipande chake, na sasa nasikia vipande hivyo vinazunguka Kashikishi yote na havifanani. Wengine wanasema tulianguka ndani ya mto. Hatukuanguka ndani ya mto. Basi leo nimekaa niandike yote tangu mwanzo, na mwenye macho mazuri awasomee wengine.

Wa karibu munajua ilivyokuwa. Bwana yangu Mumba, yaani Baba Julie, alienda Lusaka kufanya kazi ya kuchomelea vyuma. Miaka miwili ya kwanza alikuja Noeli kwa basi. Mwaka wa tatu akanunua gari kubwa, ile ya kuvuta magurudumu yote manne, imeshazeeka kwa watu wengine mbele ya kufika kwake. Akaniambia kwa simu: "Sasa sitakuya tena na basi. Nitakuya na yangu, nikuweke mbele, mama yangu nyuma, tuzunguke Nchelenge yote."

Tangu siku hiyo sikumuona. Kila Noeli gari ilikuwa na ugonjwa. Mara rejeta inavuja, mara gasketi imeungua, mara betri. Miaka mitatu ilipita hivyo. Na ninyi hapa sokoni munakumbuka mulivyosema, kwamba huko Lusaka kuna mwanamuke na jina lake ni Rejeta. Nilicheka pamoja nanyi. Nyumbani sikucheka.

Mwaka jana homa ilimushika siku tano tu. Nilifika Lusaka kesho yake ya mazishi. Gari ikabaki kwenye uwanja wa muzee aliyempangisha chumba, na mwaka huu muzee huyo akapiga simu: anataka nafasi yake, nije niichukue au awape wanaonunua vyuma vya zamani. Nikamwita shemeji yangu Kisimba, mudogo wa marehemu, avuke kutoka Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, kule Congo, kwa sababu zamani alikuwa shofere wa kamio, malori ya muzigo, Lubumbashi. Tukapanda basi. Safari ya kwenda haina hadithi, basi ilienda na ikafika.

Lusaka mpaka Kapiri Mposhi

Gari ilikuwa chini ya vumbi, rangi yake ya kijani imekuwa kama majani ya muhogo yaliyokauka. Kisimba alifungua mulango wa shofere, akapanda, na miguu yake haikufika kwenye breki. Baba Julie alikuwa mutu murefu, munamukumbuka, na kiti chake kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Kisimba akavuta chuma cha chini ya kiti, akavuta tena, kikakataa. Kutu ilikuwa imekishika. Mwisho akaweka blanketi iliyokunjwa mugongoni ili asogee mbele. Alikuwa amekasirika, lakini mimi moyoni nilifurahi kwamba kiti kimekataa.

Yule muzee mwenye nyumba, Ba Phiri, alizunguka gari pamoja nasi akitueleza taratibu.

"Hii haina ugonjwa mumoja," alisema. "Ina tabia. Mushale wa mafuta unasema imejaa kila siku, musiuamini. Kioo cha shofere kikishuka hakipandi. Asubuhi ukifungua ufunguo, hesabu mpaka kumi na tano mbele ya kuwasha, kwa sababu injini inataka kupata joto kwanza. Mulango wa mama huyu, wa mbele, haufunguki kutoka ndani. Na kwenye mulima, macho kwenye mushale wa joto, si kwenye barabara."

Halafu akasema, "Marehemu aliijua kama mutu anavyojua bibi yake," na kisha akakumbuka mimi ni nani, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

Nilitaka kumuuliza jambo. Nilitaka kumuuliza ni nani alikuwa anakaa kwenye kiti hiki changu cha mbele, siku za Jumapili. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikasema tu aksanti, tukaondoka.

Kisimba hakushika usukani miaka mingi, na kule Congo gari inapita mukono wa kuume. Kila mara barabara ikiwa tupu, alikuwa anahamia upande wa wengine polepole, kama ng'ombe anayerudi zizini.

"Kushoto, shemeji," nilikuwa namwambia.

"Niko kushoto."

"Hauko kushoto."

Mbele kidogo ya kufika Kapiri gari ilikohoa ikasimama. Mushale wa mafuta ulisema imejaa. Tulikuwa tumeambiwa, na bado tuliuamini, kwa sababu mutu akiona kitu kimeandikwa mbele yake anakiamini kuliko muzee wa watu. Kisimba alipanda kamio iliyokuwa inapita, akarudi na dizeli kwenye kibuyu cha plastiki baada ya saa tatu. Mimi nilibaki ndani, kwa sababu mulango wangu haukufunguka na sikupenda kupanda juu ya gia mbele ya wapita njia. Nilifungua kisanduku cha mbele yangu. Kulikuwa na waya, kitambaa cha kufutia mikono, na kitana. Kitana chake. Nilikinusa. Kilikuwa na harufu ya oili tu.

Kapiri mpaka Serenje, na mambo ya muti

Siku ya pili gari ilienda vizuri mpaka karibu na Mkushi. Hapo kulikuwa na mulima murefu usio mukali, ule ambao kwa macho unaona kama tambarare, na mushale wa joto ukapanda. Mvuke ukatoka mbele mpaka hatukuona barabara. Kwa bahati kulikuwa na fundi pembeni, na alama yake ilikuwa tairi moja iliyotundikwa juu ya nguzo. Jina lake Ba Kunda, kijana wa miaka kama makumi matatu, mupole sana, anasema Kibemba tu.

Alingoja injini ipoe, akafungua, akatazama, akamwambia Kisimba: "Tulefwaya umuti."

Kisimba Kibemba chake ni cha kununulia samaki. Alisikia "muti" na akaelewa kama tunavyoelewa kwetu. Mimi nilikuwa nimeenda kutafuta maji. Niliporudi nilimuona shemeji yangu anatoka porini anatoa jasho, amebeba nguzo ya urefu wa mutu kwenye bega, na Ba Kunda amesimama anamutazama.

"Ameniomba muti," Kisimba aliniambia. "Nimemuletea. Huu ni mugumu."

Nilicheka kwanza ndipo nikaeleza. Kwa Kibemba muti ni muti, lakini dawa pia ni muti. Fundi alitaka dawa ya unga inayotiwa ndani ya rejeta ili izibe matundu. Ba Kunda alipoelewa hakucheka, aliichukua ile nguzo kwa mikono miwili kwa heshima, akaitumia kushikilia kifuniko cha injini, kwa sababu chuma chake kilikuwa kimevunjika. Basi kazi ya shemeji haikupotea.

Dawa haikutosha. Mupira mukubwa wa maji ulikuwa umepasuka pia, na mupya ulipaswa kutoka Kapiri. Tukakaa pale siku mbili. Dada ya Ba Kunda alitupikia viazi vitamu na majani ya maboga yenye unga wa karanga, na Kisimba alipouliza bukari, ugali wetu, iko wapi hakuna aliyemuelewa, mpaka nikasema nshima.

Siku ya pili Ba Kunda alitoa rejeta yote nje, akailaza juu ya gunia. Akaniita mayo, mama kwa Kibemba.

"Mayo, njooni muone." Alipitisha kidole chake kwenye kingo. "Rejeta za gari hizi za miaka ile zinazeeka kutoka ndani. Nje unaona nzuri, ndani kumeliwa. Wengi wanatupa. Lakini mutu aliyekuwa na hii hakutupa. Tazama hapa amechomelea. Na hapa. Hapa amechomelea juu ya aliyochomelea zamani. Ni mutu mwenye mukono muzuri sana."

Nilipiga magoti. Munajua sufuria yangu kubwa ya kukaangia, ile ambayo Baba Julie alishona tako lake kwa kuchomelea. Mushono wake unapita na vituo vidogo vidogo, karibu karibu, kama mayai ya samaki. Kwenye ile rejeta ilikuwa mishono hiyohiyo. Nilihesabu saba halafu nikaacha kuhesabu. Ba Kunda aliuliza kama jua linanisumbua. Nikasema ndiyo, ni jua.

Musiniulize nilifikiri nini njiani mpaka Serenje. Rejeta ilikuwa rejeta, nilikuwa nimeishika kwa mikono. Lakini moyo wa mutu aliyesikia maneno miaka mitatu hauponi kwa siku moja. Nilijiambia: sawa, ilikuwa mugonjwa. Bado angeweza kupanda basi.

Serenje mpaka Samfya

Baada ya Serenje unaacha barabara kubwa, unakata kushoto, na magari yanapungua. Kioo cha Kisimba kilikuwa kimeshuka, upepo wote ulikuwa wetu. Unapita msitu, unapita vijiji, halafu nchi inalala chini, maji na majani kila upande, na daraja refu la Luapula linakubeba juu yake. Wanawake wanauza samaki pembeni. Niliwatazama samaki wao kwa jicho la kazi. Wadogo kuliko wetu.

Samfya iko kando ya ziwa lake, Bangweulu, na muchanga wake ni mweupe. Gari haikuwa na shida tulipofika. Kisimba alitaka tu mutu akaze bolti za gurudumu la nyuma, lilikuwa linalia. Wakatuonyesha fundi muzee, Ba Mwila, aliyefanya kazi Lubumbashi wakati wa ujana na anasema Kiswahili cha kwetu kabisa.

Alikuwa amekaa kwenye benchi. Alipoiona gari alisimama kabla hatujazima injini. Akazunguka mpaka nyuma, akashika chuma cha kubebea muzigo kule juu.

"Mwenye hii gari eko wapi?" aliuliza.

"Alikufa mwaka jana," nilisema kwa dirisha. "Mimi njo bibi yake."

Akanifungulia mulango kutoka nje, bila kuambiwa kwamba haufunguki kutoka ndani.

"Bibi yake wa Kashikishi? Ule anauzaka chisense?"

"Nani alikuambia nauzaka chisense?"

"Yeye mwenyewe. Siku kumi na mbili alikuwa hapa, kila siku ananiambia."

Nilimwambia amekosea mutu. Nilimwambia Baba Julie hakufika upande huu tangu alipoinunua hii gari.

"Mama, alifika," Ba Mwila alisema. "Ni mwaka juzi, wakati wa mvua, mbele ya Noeli. Gari ilikufa pale kwenye kona. Gasketi ya kichwa cha injini. Tulikuwa batu tano, tukaisukuma mpaka kwenye hii benchi."

Kisimba alishuka, akaegemea gari. Muzee akaendelea, kwa sababu aliona hatukujua.

Gasketi iliagizwa Lusaka. Ilikuja kwa basi baada ya siku nne, na haikuwa ya gari hii, ilikuwa ya gari ndugu yake mukubwa, ya mwaka wa nyuma. Mashimo hayakufanana. Ikarudishwa, ikaja nyingine. Likizo ya Baba Julie kule kazini ilikuwa ya wiki mbili. Ilimalizikia pale, kwenye benchi ya Ba Mwila. Siku gari ilipowaka alikuwa na muda wa kurudi tu.

"Aligeuza hapo," muzee alisema na kuonyesha mahali kwenye muchanga, kama alama bado iko.

"Kutoka hapa mpaka kwetu ni siku moja," nilisema. Sauti yangu ilikuwa mbaya. "Minibasi ziko. Kwa nini hakuacha hii takataka hapa akapanda basi?"

"Nilimwambia. Nilimwambia, Ba Mumba, acha gari, mimi nitailinda, panda basi, kesho uko kwako. Akanijibu: Nilisema nitakuya na gari. Nikifika na miguu, watasema gari ilikuwa bongo, uongo tu."

Nilikasirika. Nawaambieni ukweli, ndugu zangu, nilimukasirikia marehemu pale kwenye muchanga kuliko siku zote za miaka mitatu. Na ninyi pia niliwakasirikia, na mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimecheka. Siku moja. Alikuwa mbali na mimi siku moja, na nilikuwa nimekaa hapa sokoni nikichagua uduvi kutoka kwenye chisense nikifikiri yuko Lusaka kwa mwanamuke, kwa sababu kwa simu alisema gasketi tu, hakusema iko wapi.

Ba Mwila akasema, kwa sauti ya mutu anayetafuta kitu cha kukupa:

"Kila kamio ya samaki ikitoka kwenu alikuwa anaisimamisha. Anauliza, soko iko namna gani, kuna mama fulani, meza yake iko karibu na mahali pa mashua. Wengi hawakukujua. Siku moja shofere akamwambia: Huyo nimemuona jana, alikuwa anagombana na mutu juu ya mizani. Ba Mumba alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, njo yeye, njo bibi yangu. Siku ile alikula vizuri."

Nilimuuliza alilala wapi siku zile. Akanionyesha kiti cha nyuma. Mulango ulikuwa unaachwa wazi, kwa sababu miguu ilikuwa mirefu, na bibi ya Ba Mwila alikuwa anaifunika na gunia kwa ajili ya mbu.

Tulikaa Samfya siku mbili. Gurudumu lilimalizika kwa saa moja. Mimi ndiye sikuwa tayari. Bibi ya Ba Mwila hakuniuliza kitu, alinipa samaki wa kukaanga na muhogo, nikakaa mahali alipokuwa anakaa marehemu, kwenye mwisho wa benchi unaotazama barabara.

Samfya mpaka Mwansabombwe

Kutoka hapo gari ilienda kama mupya. Mansa tulipita tu, tukanywa chai na mukate. Kisimba alijifunza kukaa kushoto. Alianza kunieleza habari za kaka yake wakati wa utoto Kilwa, jinsi alivyotengeneza gari za waya ambazo magurudumu yake yaligeuka kweli, na nilimuacha aseme, ingawa nyingine nilizijua.

Mwense, mulango wangu ukakataa kufunguka hata kutoka nje. Na nilihitaji kushuka, munaelewa. Kisimba alivuta, watu wawili wakamusaidia, wapi. Upande wake nao gia, usukani na ile blanketi ya kiti vilizuia njia. Mwisho nikatoka kwa dirisha, mimi na mwili wangu huu. Wanawake wawili waliokuwa wanauza munkoyo, kinywaji cha mahindi, wakakimbia, wakanipokea mabegani, wakifikiri nimekuwa mugonjwa na napelekwa hospitali. Mumoja alikuwa ameshaanza kuomba. Nilipowaambia natafuta choo tu, alimaliza sala yake kwanza, akasema amina, ndipo akanionyesha njia. Munkoyo wao ulikuwa mutamu, nilikunywa vikombe viwili kwa dirisha wakati wa kuondoka.

Mwansabombwe gari ilizimika mara moja, ikawaka. Sikuogopa tena. Nilikuwa nimeanza kusikia sauti zake, ile ya rejeta na ile ya mukanda, na nilijua ipi ni ya kusimama na ipi ni ya kuendelea.

Kashikishi, halafu Kafutuma

Munakumbuka tulivyoingia. Muliacha meza zenu. Kuna waliopiga vigelegele na kuna walionyamaza, na mumoja wenu, simutaji, alishika taa ya mbele na kusema, "Kumbe ilikuwa kweli." Nilifikiri mulitaka kusikia mara ileile, na sikuweza, kwa sababu kulikuwa na mutu aliyepaswa kusikia kwanza, kabla yenu.

Tukaendelea mpaka Kafutuma kwa mama mukwe. Barabara ni ya udongo, gari ilipita mashimo yake kwa raha, kweli hapo ndipo nilipoona kwa nini alipenda gari ya namna hii. Saa tisa tulisimama mbele ya nyumba. Mama macho yake ni ya kivuli tu siku hizi. Alitoka kwa sauti ya injini, akasimama na mukono kwenye ukuta.

"Ni nani?"

"Ni sisi, mama. Kisimba na mimi. Tumeleta gari ya Mumba."

Alikuja polepole, akaigusa kuanzia mbele mpaka nyuma. Mimi nikashuka tena kwa dirisha, Kisimba akamufungulia nyuma, tukamupandisha, nikakaa karibu naye. Alipapasa kiti, akapapasa dari. Nikamweleza yote. Nilimweleza mishono ya rejeta, gasketi isiyofanana, benchi ya Ba Mwila, siku kumi na mbili, makamio ya samaki. Sikuficha kwamba aliona haya kufika kwa miguu.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alifika wapi?" aliuliza.

"Alifika Samfya, mama."

"Samfya." Alifikiri. "Kule kwenye maji?"

"Kwenye maji. Alilala hapa uliko wewe, mulango wazi."

"Maji ya kule yanashukaka na Luapula, yanakuya huku kwetu," alisema. "Baba yake alikuwa anasemaka vile, wakati wa kuvua."

"Ndiyo, mama."

"Basi njia haikubakia sana kwake."

"Haikubakia sana."

Akashika mukono wangu. Nje mutu alikuwa anatwanga, na gari ilikuwa inatetemeka chini yetu, joto lake linapanda miguuni. Kisimba aligeuka mbele akaniuliza polepole kama azime injini.

Nikamwambia aiache iwake kwanza.